Zamu ya Soazig

Soazig alifumbua macho jua limeshapanda, akajua ameibiwa tena. Zamu yake ya usukani huanza saa kumi alfajiri na kuisha saa mbili asubuhi. Desturi ya mashua yao ni moja: anayetoka zamu humwamsha anayeingia kwa kikombe cha kahawa ya moto. Kikombe chake kilikuwa kikining'inia kwenye ndoano, kikavu.

Akapanda juu. Mdogo wake Goulven, ambaye ndiye nahodha, alishika usukani kwa macho mekundu.

"Umeamkaje, dada? Nilikuonea huruma. Ulikoroma kuliko injini."

"Huruma gani? Asubuhi ya tatu hii! Mimi gunia la viazi?"

"Una miaka sitini na miwili, dada. Mpaka visiwa vya Azori bado siku sita. Pumzika, utupikie."

Soazig alishuka, akafungua daftari la safari. Majira mawili ya baridi alikuwa amehudhuria masomo ya jioni mjini Brest, akichora njia za bahari katikati ya vijana wa rika la wajukuu zake. Saa za usukani za safari hii ndizo zilizobaki apate cheti cha ubaharia. Akasoma: "Alfajiri, Soazig usukanini. Bahari tulivu." Asubuhi zote tatu, kwa mwandiko wa Goulven.

Aliomba kimoyomoyo asitukane, akajaliwa kidogo tu; akapaza sauti kutoka chini.

"Mshenzi wewe! Umeniandikia uongo nikiwa nimelala!"

"Nimekusaidia! Mwalimu atajuaje?"

"Na Mungu naye anakoroma?"

Tudi, rafiki wa Goulven, aliyekuwa akikunja kamba, akaangua kicheko. "Nahodha, hapo umegonga mwamba."

Soazig akachukua kalamu, akafuta mistari yote mitatu. Juu ya kila mmoja akaandika: "Nililala. Sikuamshwa." Saa zake zote kumi na mbili za usukani zikapotea, na cheti kikayumba pamoja nazo. Akarudi juu na daftari.

"Utanipa zamu zako tatu. Na viazi utamenya wewe."

"Dada, utachoka."

"Nichoke! Uchovu ni wangu, hukupewa uutunze."

Goulven akatazama daftari alilonyooshewa, akasoma, akainama. Akasogea, akamwachia usukani.

Kesho yake, giza halijatoka, kitu cha moto kiligusa mkono wa Soazig. Kahawa ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Akainywa yote, akavaa koti.