Orodha ya Sura Kumi na Mbili

Swali la kwanza lilitoka sura ya nne, na Mwalimu Riziki hakuwahi kuisoma sura ya nne. Alijua jina lake tu. Alijua majina ya sura zote kumi na mbili, kwa mpangilio, kama mtoto wa madrasa anavyojua herufi, lakini yaliyomo ndani hakujua hata mstari.

Msimamizi akamsomea swali la pili, kisha la tatu. Riziki akapiga kwenye mashine yake ya nukta nundu kile alichokijua kwa miaka kumi na mmoja ya kufundisha shule ya msingi pale Mtwara mjini, akachomoa karatasi. Aliikunja kwa nguvu kupita kiasi. Msimamizi akadhani ni woga.

"Pole mama. Mungu yupo."

"Mungu yupo," Riziki akajibu. "Na Dickson naye yupo. Ndiye ninayemtaka."

Huo ulikuwa mwaka 2007. Riziki alizaliwa Nanyamba, surua ikamchukua macho akiwa na miaka sita. Alisoma kwa vidole mpaka akawa mwalimu, na sasa alikuwa akitafuta shahada kwa masomo ya mbali. Chama kimoja cha wasioona kilimpa kifaa cha kusomea, kidogo kiasi cha kuingia mkobani, chenye vitufe na sauti ya kike ya Kiingereza cha puani. Ukikiunganisha na kompyuta kwa waya kinapokea vitabu, halafu kinakusomea popote uendapo. Kitabu cha somo lake kilikuja kwenye sidii, kimepangwa kama kurasa za tovuti: ukurasa wa kwanza una orodha, ukibonyeza jina la sura, sura inafunguka.

Kazi ya kukihamisha ilikuwa ya Dickson, mtunza kompyuta wa kituo cha masomo. Alimrudishia Riziki kifaa kabla hata hajakaa vizuri kwenye benchi, akatia sahihi kwenye daftari kwamba kitabu kimetolewa. Tangu siku hiyo, miezi saba, kila Riziki alipobonyeza jina la sura, ile sauti ya puani ilimwambia: faili halipo.

Alirudi mara tano. Mara umeme umekatika, mara njoo Jumatatu, na Jumatatu ofisi imefungwa. Alipoomba mtihani uahirishwe, akajibiwa kwamba daftari linaonyesha ameshapewa kitabu kizima.

Sasa aliingia ofisini kwa Dickson bila kubisha hodi, fimbo yake ikigonga meza.

"Nimetoka kwenye mtihani," alisema. "Nimejibu orodha."

"Mwalimu, hilo tulishaliongea. Faili nimelihamisha. Mashine yako ndiyo mbovu, au pengine hujui kuitumia. Mbona wasioona wenzako hawalalamiki?"

"Wenzangu gani? Kituo kizima niko peke yangu!"

Dickson akageukia kioo cha kompyuta yake. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni mlangoni wakasogea kusikiliza.

"Nipe sidii. Nitatafuta mtu wa kunihamishia."

"Sidii haitoki nje ya ofisi. Ni utaratibu."

Riziki akapapasa kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Basi na mimi sitoki. Andika na hilo kwenye daftari lako."

Alikaa saa mbili. Foleni ikarefuka, watu wakaanza kunung'unika, mwishowe akaitwa mkuu wa kituo, Mama Helena, mwenye sauti laini kama anamwongelesha mgonjwa. Akamshika Riziki bega. "Mwalimu, jamani, sisi sote hapa tunakuonea huruma."

Riziki aliuondoa ule mkono. "Sitaki huruma, mama. Nataka sidii."

Akapewa.

Akaenda nayo moja kwa moja Ufukoni, kwenye duka la intaneti la Raheli, binti wa mfanyakazi wa bandarini. Raheli hakuwa amewahi kukiona kifaa kile. Alichomeka waya, akaingiza sidii, akaanza kumsomea kilichokuwa kwenye kioo.

"Kuna faili moja hapa nje, dada. Hiyo ndiyo orodha. Halafu pembeni kuna folda imeandikwa sura." Akaifungua. "Zimo kumi na mbili. Na nyingine ya picha."

"Na kwenye kifaa changu kuna nini?"

"Orodha tu. Aliyekuhamishia alichukua hilo moja, folda akaiacha."

"Ihamishe yote. Kama ilivyo, usibadilishe jina."

Riziki akasikiliza sidii ikivuma ndani ya kompyuta. Kisha ikatulia.

"Tayari," Raheli akasema.

"Imechukua muda gani?"

"Dakika nne hivi."

Riziki akabonyeza sura ya nne, sauti ya puani ikaanza kusoma. Alitegemea kufurahi. Badala yake alipandwa na hasira kubwa kuliko ile ya kwenye mtihani. Afadhali ingekuwa kazi ngumu, ya kuhitaji fundi kutoka Dar es Salaam. Dakika nne! Mtu alimnyima dakika nne kwa miezi saba, halafu akamwita mjinga.

Matokeo yalipotoka alikuwa amefeli. Akaandika barua kwa makao makuu ya chuo, Raheli akampigia chapa. Mama Helena alipopata habari akamfuata shuleni.

"Ondoa jina la Dickson kwenye barua, mwalimu. Ana familia."

"Jina langu mimi lilipobandikwa ubaoni na alama ya kufeli, nani aliuliza kama nina familia?"

Jina halikuondolewa. Makao makuu yakafuta matokeo, wakamruhusu kurudia mtihani, na akafaulu. Kuhusu Dickson hawakuandika neno. Alibaki kwenye kiti chake kilekile.

Mwaka uliofuata akaandikishwa Ismaili, kijana asiyeona kutoka upande wa Mnazi Bay, naye akiwa na kifaa kama kile. Riziki ndiye aliyemsindikiza kituoni.

"Mwalimu, karibu!" Dickson akachangamka. "Hongera kwa kufaulu. Unaona, tulikusaidia mpaka ukafika."

Riziki akamkalisha Ismaili, akamkabidhi Dickson waya, akangoja mpaka kuhamisha kukaisha. Dickson alipofungua daftari atie sahihi, Riziki akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Bado. Fungua sura ya kwanza, tuisikie."

"Zote zimeingia, mwalimu."

"Fungua."

Akafungua. Riziki akasikiliza mistari miwili, akasema, "Ya pili." Kiganja chake hakikuondoka kwenye daftari mpaka walipofika ya kumi na mbili.