Matanga ya Nyumba ya Batuli

Batuli binti Mabruki hakuwahi kutafuta neno akalikosa. Watu wa mtaa wa Ng'ambo walishamzoea. Ukipita mbele ya nyumba yake bila salamu, atakuita kwa jina la baba yako. Ukisalimu, atakuuliza mbona umekonda, kwani kwako chakula ni pambo? Basi siku vijana wa halmashauri walipokuja na kopo la rangi nyekundu wakachora X kwenye ukuta wake, kubwa hiyo, mtaa mzima ulitoka nje kusikiliza matusi. Batuli akasimama mlangoni na upawa mkononi, akaitazama ile alama, akarudi ndani. Hakusema kitu.

Hapo ndipo watu walipoogopa.

Nyumba yenyewe, tuseme kweli, haikuwa ya kujivunia. Ya udongo, lipu imebanduka, bati limeliwa na kutu. Lakini ilikuwa kwenye kona ya soko, na Batuli hakuwa na kingine duniani. Mumewe Rashidi alishatangulia mbele ya haki, mtoto hawakujaliwa, shamba hana. Alikula kwa kodi ya vyumba: kimoja alikaa Justus, fundi viatu, na kingine Katarina, mama wa watoto wawili aliyetoka Ulyankulu kuja kuuza maharage. Kumvunjia Batuli nyumba ile kulikuwa kumvunjia chungu, kitanda na heshima kwa pigo moja.

Na kosa la nyumba ni nini? Bajaji. Miaka hii bajaji zimezuka mjini kama kumbikumbi baada ya mvua, na zote zinataka kuegesha mlangoni mwa soko. Wachuuzi wanalia, wenye maduka wanalia, na kuna mama mjamzito alikwama katikati yake mpaka wenzake wakamzungushia kanga, akajifungulia palepale. Stendi ilihitajika, hata Batuli mwenyewe alikuwa wa kwanza kuipigia kelele. Madiwani wakapitisha kwamba maegesho yajengwe pale kwenye kona, nyumba ivunjwe, na fidia ilipwe katika bajeti ijayo.

"Bajeti ijayo!" Batuli alimwambia diwani Anifa jioni ile, sauti imeshamrudia. "Hiyo bajeti ijayo ina bati? Nikinyeshewa nitaingia humo?"

Anifa alikuwa diwani wa kata ile na mtoto wa jirani. Batuli alimbeba mgongoni akiwa mchanga. "Shangazi, nilipinga, lakini nilikuwa peke yangu," alisema. "Kimebaki kikao cha Alhamisi, cha kuidhinisha fedha. Wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kusema hawaruhusiwi."

"Yaani niende nikasikilize ninavyovunjiwa? Ahsante, mwanangu, umenikaribisha vizuri." Batuli akasonya. "Na huyo aliyechora ramani ni nani?"

"Afisa mipango miji. Mgeni, hata mwaka hajamaliza hapa. Anaitwa Damas, kijana mpole tu, Mgogo wa Dodoma."

"Mgogo?"

"Mgogo, shangazi."

Batuli akacheka. Alicheka mpaka Katarina akatoka chumbani kuangalia kama bibi amepatwa na wazimu. "Kumbe ni mtani! Mbona hukusema mapema, we mtoto? Mtani kaja kuniua, nami nimekaa hapa kama sina ulimi!"

Wewe uliyekulia kwingine, sikiliza. Zamani, Wanyamwezi, watu wa kina Batuli, walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku kwenda pwani, njia ilikatiza Ugogo, nchi kavu. Kisima ni cha Mgogo, kiu ni ya Mnyamwezi. Wakatozana, wakapigana, wakachoka, mwisho wakaamua kutaniana, na utani huo haujaisha mpaka leo. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe unacheka. Ukifiwa, mtani ndiye anayelala mbele ya jeneza na kukataa lisitoke, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Na mtani huwezi kumkasirikia. Ukimkasirikia, umejiaibisha wewe na ukoo wako. Kama kanuni za vikao zinaushinda utani, sijui. Kabla ya Alhamisi ile hapakuwa na mtu aliyejaribu.

Alhamisi Batuli aliingia ukumbini amevaa kaniki, kanga kaifunga kiunoni, kichwani kajifunga kitambaa cheusi. Nyuma yake Katarina na akina mama wa mtaa, wote vichwa chini, wakaketi kwenye viti vya wananchi kimya kabisa. Meya, Mstahiki Masolwa, mtu mnene mwenye haraka zake, aliwatazama akadhani wana msiba wao wa kweli, akawapa pole kwa kichwa. Damas akasimama. Akawasha picha ukutani, akaonyesha kwa fimbo: hapa soko, hapa barabara, na hapa...

"Uwiii!" Batuli akajitupa chini katikati ya ukumbi. "Uwiii, jamani! Muuaji huyooo! Kaniulia, na fimbo aliyoulia bado kaishika!"

Akina mama nao wakaitikia kilio. Ukumbi ukavurugika. Meya akagonga meza mpaka maji ya chupa yakamwagika. "Mama! Mama! Kaa kwenye kiti au utolewe nje! Mgambo!"

Mgambo wakasogea. Anifa akafumba macho. Ndipo Damas akainua mkono. Alikuwa amesimama vilevile, lakini midomo ilikuwa inamcheza, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Mstahiki Meya, naomba asiguswe," alisema. Akamwinamia Batuli. "Shikamoo, bibi. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Marahaba, muuaji. Mimi Mnyamwezi, baba na mama. Babu zako waliwatoza babu zangu shanga na nguo ili wanywe maji ya kisima. Maji! Wewe umeona shanga hazitoshi, umekuja kunitoza nyumba nzima!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Madiwani watu wazima walishika mbavu.

"Na babu zako waliyamaliza maji yetu, wakatuachia tope," Damas akajibu, na akina mama wakapiga makofi, maana mtani asiyejibu ni mtani bubu. "Haya, marehemu ni nani?"

"Nyumba yangu."

"Kafa na nini?"

"Rangi nyekundu."

"Mazishi lini?"

Batuli akakaa kitako palepale sakafuni, akajifuta uso. Sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Hazikwi mtu hapa. Kwetu maiti haizikwi mpaka mtani aje amwoshe. Njoo umwone kwanza uliyemuua, mwanangu. Hujawahi hata kubisha hodi kwake."

Damas akaishusha fimbo. Kisha akageuka kwa meya, akasema kitu ambacho maafisa hawakisemi mara kwa mara: "Mstahiki, ni kweli. Sijafika. Nilichagua eneo kwa picha iliyopigwa kutoka angani. Niliona bati lenye kutu, nikadhani ni ghala lililotelekezwa."

"Ghala!" Batuli akasema. "Mimi nimo ndani, naitwa gunia."

Wakacheka tena, lakini Anifa hakungoja kicheko kiishe. Alisimama akaomba fedha zisiidhinishwe mpaka wajumbe wafike eneo lenyewe, na safari hii hakuwa peke yake. Hata waliompinga mwanzo walinyoosha mikono. Nani atakataa kwenda msibani baada ya kualikwa hivyo?

Kesho yake asubuhi wakaja. Batuli aliwatandikia mikeka, akawamiminia kahawa chungu kama ya matanga yoyote. Justus alikuwa amefunga kazi, Katarina amewavalisha watoto nguo za kanisani. Damas hakukaa. Aliomba ndoo na brashi, akapandisha mikono ya shati, akaanza kuisugua ile X. Weee! Rangi ya mafuta ile, maji yataiweza wapi? Alisugua mpaka jasho likamtoka, ukuta ukabaki na doa la waridi, na Batuli amesimama nyuma yake akimsimanga: "Sugua, mtani, sugua! Marehemu bado ananuka!"

Kelele hizo zilimkimbiza Anifa mpaka nyuma ya nyumba, penye ukuta wa matofali. "Mstahiki," aliita, "na huku je?"

Huku kulikuwa yadi ya halmashauri yenyewe. Madiwani wakachungulia mmojammoja. Kulikuwa na greda lisilo na magurudumu, magari ya wagonjwa yaliyokwisha kuwa wagonjwa wenyewe, pikipiki zimerundikwa, majani yamefika kiunoni.

"Hayo yanasubiri mnada," meya akasema.

"Tangu lini?" Anifa akauliza.

Meya akamtazama mweka hazina, mweka hazina akayatazama majani. Kuku mmoja akatoka dirishani mwa gari, akajikung'uta, akaondoka zake. Meya Masolwa akacheka kwanza kidogo, halafu akashindwa kabisa kujizuia, akaketi kwenye mkeka. "Tumetaka kumvunjia mwanamke nyumba," alisema, "na kumbe tunafuga kuku ndani ya ambulansi."

Damas akaruka ukuta na kamba yake ya kupimia. Watu wakangoja, kahawa ikapoa. Aliporudi uso wake ulikuwa nusu furaha, nusu huzuni, na alimwendea Batuli moja kwa moja, si meya.

"Bibi, yadi inatosha. Inatosha na kubaki. Tukiyauza magari, hata fedha za kupasawazisha zitapatikana, na fidia kubwa haitahitajika. Lakini bajaji haitaweza kukata kona kuingia. Upande huu wa nyumba umeziba." Akaonyesha kibaraza na chumba cha mbele, kushoto. "Huu ungebidi uondoke. Uliobaki unabaki, tutaujengea ukuta wa tofali. Nimejaribu kila namna, bibi. Haipiti."

Batuli hakutania.

Chumba kile ndicho alicholala. Humo mama yake alimzaa, humo Rashidi alikata roho akiwa ameushika mkono wake, na mpaka leo akiamka usiku huupapasa upande wa Rashidi kabla hajakumbuka. Moyo ulimuuma, ulimuuma kwelikweli, akatamani angekuwa hajawaita. Na akaona jambo la pili ambalo wale wageni hawakuliona: vyumba vya kulala vilikuwa vitatu, na watu walikuwa wa vyumba vitatu. Chake kikienda, mpangaji mmoja anaondoka. Justus ana wateja wake hapohapo dirishani. Macho ya Katarina yalikuwa yameshainama.

"Nipeni siku ya kulala nalo," Batuli akasema.

Wakampa mpaka kikao cha Jumatatu.

Jumatatu alikaa tena kwenye viti vya wananchi, safari hii kavaa baibui lake safi la Ijumaa. Meya akasoma pendekezo: yadi isafishwe, magari yapigwe mnada, stendi ijengwe humo, nyumba ya kona ikatwe upande mmoja kwa ridhaa ya mwenyewe. Akainua macho. "Kanuni zinasema mwananchi haongei humu," alisema, "lakini naona kanuni hizo zimeshaumia. Mama Batuli, unaridhia?"

Watu wote wakageuka, wengine wameshaanza kutabasamu wakingoja utani. Haukuja. Batuli alisimama, machozi yanamtiririka bila kificho.

"Kateni," alisema. "Mtu hukatwa kidole akaishi."

Mikono yote ikanyooshwa. Damas alikuwa wa kwanza kumfikia mlangoni, macho yamemlowa. Batuli akampiga kofi dogo la shavu. "Usinililie wewe, Mgogo. Wewe njoo usimamie mafundi, ukuta wangu ukiinama nitakuja kulala kwako."

Alirudi nyumbani kwa miguu, peke yake, hakutaka bajaji. Alipoingia ukumbini mwa nyumba akakuta mlango wa Katarina wazi. Godoro limekunjwa, limefungwa kamba. Sufuria ziko kwenye ndoo, nguo kwenye shuka, na watoto wawili wamekaa juu ya furushi wamevaa viatu. Katarina alikuwa anafagia, kama mtu mwenye adabu anavyofagia chumba asichokirudia.

"Shikamoo, bibi. Nimesikia umekubali," alisema bila kugeuka. "Umefanya vizuri. Lori la Ulyankulu linaondoka saa nane. Nikuachie chumba, upate pa kulala."

Batuli akamwangalia. Akaingia, akalisogeza furushi kwa mguu, watoto wakasimama. Akapima chumba kwa macho, ukuta huu mpaka ule.

"Kitanda chako kisogee kule," alisema. "Changu kitakaa hapa mlangoni, mimi naamka alfajiri kuswali. Watoto katikati."

"Bibi?"

"Nini bibi, bibi? Nimetoa chumba changu ili nyumba ibaki na watu. Wewe ukienda, nimebakiza udongo." Akaanza kuifungua kamba ya godoro. "Fungua mizigo, Katarina. Kodi ya chumba hiki tutagawana, nusu yako, nusu yangu. Ila nakwambia mapema mbele ya watoto wako: ukikoroma, utalala na kuku wa meya."

Katarina akauangusha ufagio, akamkumbatia, na yule mtoto mdogo, ambaye hakuelewa lolote ila kwamba hawasafiri tena, akakaa chini akaanza kuvua viatu.