Jumamosi ya Kubadilishana

Tangu goti la mshambuliaji lilipompata kichwani, kipa hakujua tena kukaa. Alikula amesimama. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Mwili ulikuwa umepona; ubongo ndio ulioumia, daktari alisema, na ubongo hauna haraka. Mkewe, fundi cherehani, alishonea sebuleni, na kila alipoondoa mguu kwenye pedeli ilikuwa ni kumkimbilia mume barabarani.

"Unakwenda wapi?"

"Mazoezini."

"Leo hakuna mazoezi."

"Nani kasema?"

Hapo ugomvi ulianza. Mwanamume ambaye zamani hata sahani ikivunjika alicheka, sasa aliweza kupiga ukuta ngumi kwa sababu ya kifungo cha shati.

Siku moja, kwenye benchi la kliniki, walikaa karibu na kinyozi aliyemleta mdogo wake, bondia aliyeitwa Nyundo. Nyundo alikuwa amekula makonde miaka mingi. Mikono ilimtetemeka, maneno yalimtoka polepole, na alilala popote alipowekwa. Kinyozi alimtazama kipa akiinuka, akikaa, akiinuka.

"Shemeji," alimwambia fundi, kana kwamba wamejuana tangu zamani, "wako hatulii, wangu haamki. Tungewatia sufuria moja, tukakoroga, tukagawana nusu kwa nusu."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakakataa kukoma. Kinyozi alimpa leso.

Walipokutana tena hapo kliniki, kinyozi alikuja na wazo. "Jumamosi niletee huyo. Kwangu watu wanaingia na kutoka, hatachoka macho. Nyundo nitakuletea wewe."

"Na akiamka?"

"Mwambie kashinda pambano. Atalala tena."

Ikawa hivyo. Kipa alifagia nywele na kuwafungulia wateja mlango, akawakaribisha kama mwenye duka. Nyundo alikaa kando ya cherehani, mlio wake ukambembeleza. Akiamka, alimshikia fundi kitambaa kisiburuzike chini. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, fundi alimaliza gauni bila kuinuka.

Lakini Jumamosi moja alipokwenda kumchukua mumewe, alimwona kupitia kioo akitaniana na mzee aliyejaa povu kidevuni. Alikuwa akicheka. Fundi alisimama nje, roho ikimuuma.

"Mimi ananiona askari jela," alimwambia kinyozi baadaye.

"Afadhali wewe. Wangu hasemi kabisa. Kwako anasema?"

"Anasema."

"Anasemaje?"

Fundi alisita. "Kwamba unamkatia nyama kama mtoto."

Mkono wa kinyozi ulibaki hewani na mkasi wake.

Kisha ikaja ile Jumamosi umeme ulipokatika. Kinyozi alitoka uani kuangalia swichi kuu. Aliporudi, ufagio ulikuwa umelala sakafuni na kipa hayupo. Alimpigia fundi.

"Shemeji, usiogope."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtia hofu. Alitoka mbio, na kandambili moja akaiacha njiani. Walikwenda uwanjani, stendi, mpaka kwenye barabara kuu ambako malori hayamsubiri mtu. Mteja mmoja aliwafuata kusaidia, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Jua liliwaka. Fundi akamgeukia kinyozi.

"Nilikupa mtu mzima, unanirudishia pole!"

"Na wangu umemwacha na nani?"

Fundi alikuwa amemwacha Nyundo kitini, mlango wazi.

Walirudi wakikimbia. Nyundo alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili, ikitetemeka. Nyuma yake kipa alizunguka sebule nzima kama simba kwenye kizimba.

"Kaja," Nyundo alisema polepole. "Anataka... kutoka tena. Nimemwambia tusubiri... mwenye nyumba."

Kipa alipowaona, alifoka. "Mlikuwa wapi? Mnaacha mlango wazi, mgonjwa yuko peke yake!"

"Umejuaje njia?" mkewe aliuliza, akihema.

"Njia ya kwangu?" Alimshangaa.

Kinyozi aliketi juu ya vitambaa bila kuuliza. Fundi alimletea maji.

"Nimekutupia maneno mabaya, shemeji."

"Hata mimi nilikuwa nayo mdomoni. Umeniwahi tu." Alikunywa, kisha akamtazama mdogo wake. "Leo utakata nyama mwenyewe, bwana."

"Kwa kisu... chenye makali," Nyundo alisema, na mteja wa nusu kichwa akaangua kicheko.

Mambo hayakunyooka. Wiki hiyohiyo kipa alivunja kioo cha kabati, na siku iliyofuata hakukumbuka nani alikivunja. Ila fundi alianza kumwacha atembee, yeye akifuata kwa mbali, na mara nyingi mume aligeuka mwenyewe na kurudi.

Jumamosi iliyofuata alimpeleka tena kwa kinyozi. Alirudi, akaketi kwenye mashine, simu akaiweka kando ya mkasi. Alishona mshono mfupi, akaitazama. Akashona, akaitazama.

Nyundo alifumbua jicho moja. "Utajishona... kidole."

Fundi aliigeuza simu kifudifudi, akakanyaga pedeli. Mshono ulienda sawa mpaka kwenye kwapa la gauni. Hapo akasimamisha mashine, akaigeuza simu tena, atazame mara moja tu.