Asante Haivuki

Baba alifariki akitembea kwa miguu, na hilo ndilo mama alishindwa kulivumilia. Si kifo chenyewe, wala baridi ya Januari, wala moyo wa baba ambao daktari alikuwa ameulalamikia tangu zamani. Ni kule kutembea. Mtu aliyeendesha gari tangu ujana wake alikutwa alfajiri kwenye kona ya juu ya mlima wa Poiana, viatu vimejaa theluji, funguo zikiwa ndani ya glavu. Gari lenyewe lilikuwa chini kabisa, pale mlima unapoanzia, limeegeshwa vizuri na milango imefungwa.

"Huko aliko bado anatembea," mama aliniambia niliporudi kutoka chuoni, mjini Iași. "Siku ya arobaini nitampelekea gari lake. Lakini lazima liwe zima, Ilinca. Ukitoa kitu kibovu, kinamfikia kibovu."

Kwetu sadaka ya marehemu ina utaratibu huo: anayepokea hapa anapokea kwa niaba ya aliyeko kule. Nilikuwa nimeona watu wakitoa mablanketi, ndoo, kuku, hata kitanda. Gari nilikuwa sijaona. Nilimwambia mama, kwa ufasaha wote niliojifunza chuoni, kwamba niliamini mali ya wafu inapaswa kuwafaa walio hai.

"Litawafaa wote wawili," alijibu huku akiendelea kumenya viazi. "Nitampa Pamfil."

Pamfil alikuwa fundi wa gari hilo tangu kabla sijazaliwa. Nilimwita baba mdogo, ingawa undugu wetu ulitokana na urafiki wake na baba tu. Alitengeneza magari ya bonde zima, naye mwenyewe alikwenda kila mahali kwa miguu. Mama hakumwambia kwamba ndiye atakayepewa. Alimwomba tu alitengeneze, naye akaitikia kwa kichwa na kulivuta hadi karakana yake kwa trekta ya jirani.

Nilikwenda kumsaidia.

"Mwanachuo, shika taa. Hapana, si usoni kwangu, sura yangu naijua. Huku."

Akafungua kifuniko cha juu cha injini. Ndani, kwenye mhimili mmoja wa chuma, zilipangwa roka, ile mikono mifupi inayopanda na kushuka ikizisukuma valvu zifunguke. Mhimili ulikuwa umelika hadi ukafanya mabonde chini ya kila roka, na katikati ulikuwa umekatika.

"Hapa silinda mbili zilikufa papo hapo," alisema. "Kwa mbili zilizobaki unafika sokoni, kama barabara ni tambarare. Poiana hupandi."

Akapitisha kidole kwenye sehemu iliyokatika, taratibu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndiyo maana lilikuwa linagonga," nikasema. "Tangu nikiwa mdogo. Tak-tak-tak kutoka kule mlimani, na mama anapakua supu kabla baba hajafika langoni."

"Nani asiyemjua kwa mlio ule? Mbwa wa jirani yenu Frăsina, wanaombwekea hata padre, baba yako walikuwa wanamnyamazia."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hakubakiza kitu. Injini ilikuwa imetembea umbali mkubwa mno, hata kipimo cha kilomita kilikuwa kimerudi kwenye sifuri mara kadhaa, na kila alichokigusa kilikuwa kimechoka. Alitoa roka zote na fito zinazozisukuma kutoka chini. Alitoa kamshafti, ule mhimili wa chini unaozunguka na kuzinyanyua fito hizo, ambao vilima vyake vilikuwa vimesagika vikawa butu. Alitoa springi, valvu, na mirija ambamo valvu hupandia na kushukia. Vyote alivipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa vilivyokuwa ndani, kisha akaweka vipya. Nilimletea kikombe cha pombe ya plamu kutoka kwa mama. Kilikaa dirishani bila kuguswa hadi vumbi likatanda juu yake.

"Baba mdogo," nilimwambia alipokuwa anafunga mhimili mpya, "acha roka moja ya zamani. Moja tu. Igonge kidogo."

"Kwa nini?"

"Tumemzoea kwa mlio huo."

Alinitazama, halafu akarudi kwenye kazi. "Haiwezekani, binti yangu. Cha zamani ukikisugulisha na kipya, kinakila. Ukibadilisha, unabadilisha vyote." Akachukua kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, akakipitisha kati ya roka na valvu, akakivuta, akakipitisha tena, kama mtu asiyeyaamini macho yake. "Gari hili halitagonga tena. Siyo mikononi mwangu."

Alipoliwasha, lilikuwa kimya kiasi kwamba niliweka kiganja juu ya injini ili nijue linafanya kazi. Yeye alikuwa amesimama kando akijifuta mikono kwa kitambaa, na aliendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata.

Siku ya arobaini, baada ya ibada, majirani walikusanyika uani kwetu. Mama aliweka mkate wa duara juu ya boneti, akachomeka mshumaa katikati na kuuwasha. Kisha akazilaza funguo juu ya taulo jipya na kuzipitisha juu ya mwali kumwelekea Pamfil.

"Pokea, shemeji. Liwe la Toader," alisema, akimtaja baba kwa jina.

Pamfil akabadilika rangi. Alitazama funguo, akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumwokoa.

"Asante, shemeji," alisema.

Frăsina akafanya ishara ya msalaba. Hata mtoto kwetu hafanyi kosa hilo mara mbili. Mimi nililifanya mara moja, nikiwa bado sijaanza shule, nilipopewa bakuli kwa ajili ya roho ya mtu nikasema asante; bibi akaninyang'anya bakuli mkononi. "Asante haivuki," aliniambia. "Inabaki hapa hapa. Sema bogdaproste." Ni neno la kale, maana yake Mungu amsamehe, na ndilo linalokibeba kitu hadi kwa mwenyewe.

"Hujasema," mama alimwambia Pamfil kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kofia aliyoisahau.

"Nimesema asante."

"Nimesikia. Sema lile neno."

"Siwezi, Saveta."

"Huwezi vipi? Ulilisema nilipokupa blanketi la mama yangu. Ulilisema kwa sufuria iliyotoboka, tukacheka mwaka mzima."

Pamfil alivua kofia. "Novemba aliniletea gari. Nilifungua kifuniko nikauona mhimili. Ulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Karakana ilikuwa baridi, mikono inaniuma, sikutaka kukishika kile chuma. Nikamwambia mhimili utavuka majira ya baridi, tutafungua theluji ikiyeyuka. Akaniamini." Akaikunja kofia mkononi. "Nitamwombaje Mungu amsamehe Toader? Toader ana kosa gani?"

Mshumaa ulikuwa unadondosha nta juu ya boneti nyeupe. Nilitaka kuzinyakua zile funguo na kuzitupa kisimani. Niliona wazi, kwa mara ya kwanza, kile kidole chake kikipita polepole juu ya chuma kilichokatika.

Mama hakulirudisha taulo.

"Mimi na wewe tuna maneno mengi," alisema hatimaye. "Tutayasema. Na sijui kama nitaweza kukusalimia tena kanisani, nisikudanganye. Lakini leo si siku yetu. Yule amesimama barabarani."

"Saveta..."

"Sema, shemeji. Anapigwa na baridi."

Akalisema. Lilimtoka vipande vipande, na kipande cha mwisho karibu kisisikike, lakini alilisema lote, kisha akapokea funguo pamoja na taulo. Mama akamwambia aondoke nalo papo hapo, kwa sababu kilichokwisha kutolewa hakilali uani kwa aliyekitoa. Aliwasha gari, akatoka langoni bila kumwangalia mtu, akashika njia ya Poiana.

Majirani walikaa mezani. Mama na mimi tulibaki langoni. Gari lilipanda mlima wote bila kusita, hadi ile kona ya juu, likapotea. Kilichosikika ni maji ya theluji yakitiririka mtaroni. Mbwa wa Frăsina walibweka.

"Halisikiki," mama alisema.

"Limepona, mama."

"Najua limepona." Alikuwa bado anatazama kona. "Atadhani si lake."

Ndani ya mfuko wa koti langu palikuwa na roka moja ya zamani, niliyoiokota kwenye gazeti la Pamfil. Niliifumbata, nikashindwa kuitoa. Mama aliingia jikoni, nami nikamfuata. Alisimama mbele ya sufuria ya supu, upawa mkononi, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa dirisha, akingoja kitu kimwambie apakue.