Kicheko Alichokitaka Nyigu wa Dhahabu

Kila Machi, watu wazima wenye kazi zao hufurika kwenye sinema kuukuu ya mtaani kwetu, hapa Toledo, wamevaa chupi za njano juu ya suruali za kubana. Kinyaa kitupu. Wanakuja kuangalia filamu ya mwaka sitini na sita ambamo shujaa aitwaye Nyigu wa Dhahabu, mwenye mabawa ya plastiki, anaokoa jiji kwa kuwachoma maadui makalioni. Shujaa huyo ni baba yangu.

Shuleni walinizomea "bzzz" mpaka nikamaliza masomo. Filamu yenyewe sikuwahi kuitazama hadi mwisho. Nikiyaona tu yale mapaja, natoka nje.

Mwaka huu walimwalika Baba awe mgeni wa heshima, akaniomba nimpeleke.

"Baba, wanakucheka wewe, hawaicheki filamu," nilimwambia garini.

"Tuliitengeneza ichekwe, Ardith. Wiki nzima tulitafuta namna ya kuanguka kipumbavu. Ilipotoka, ukumbi ulikuwa mtupu. Kabla sijafa nataka nisikie ule mzaha wa kastadi ukichekwa. Mara moja tu, mwanangu."

Ukumbi ulinuka jasho na siagi, na bisi zilinata kwenye viatu. Desturi yao ni kupayuka maneno ya filamu kabla mwigizaji hajayasema. Anayewahi ndiye mjanja. 

Mzaha ukafika. Nyigu ananing'inia kwa kamba juu ya sufuria kubwa la kastadi, ule uji mtamu wa maziwa na mayai, inayochemka, na adui yake, Malkia wa Nzi, anamwuliza kama ana neno la mwisho. Nyigu ananyamaza, anatazama chini. Kabla hajafungua mdomo, ukumbi mzima ukabweka: "Bibi, jiko hili limekaguliwa na bwana afya?" Wakajipigia makofi wenyewe. Baba, aliyekuwa ametega sikio, akaegemea kiti taratibu.

Filamu ilipokwisha, mshereheshaji, jamaa mwenye ndevu alizozipaka rangi ya dhahabu, akampandisha jukwaani.

"Mzee, sema kweli. Mlijua kwamba mnatengeneza takataka?"

Watu wakaangua kicheko. Nikainuka nikamtoe baba yangu pale, nikiwa na hasira ya kumpasua mtu.

"Tulijua," Baba akasema. "Nyie ndio hamjui. Kila mwaka mnanipora mzaha wangu mdomoni. Irudisheni ile sehemu ya kastadi, halafu fungeni midomo."

"Lo, Mzee kakasirika!"

"Na wewe funga, Ndevu."

Wakairudisha. Safari hii hakuna aliyethubutu kupumua kwa sauti. Nyigu akaitazama kastadi. Akamtazama Malkia. Akakunja uso kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Kimya kikarefuka mpaka kikaanza kuuma.

"Bibi," akasema kwa adabu zote, "jiko hili limekaguliwa na bwana afya?"

Kicheko kilinitoka puani, kwa mkoromo wa nguruwe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndipo ukumbi mzima ukalipuka. Lakini Baba hakujali ukumbi. Alikinga macho kwa kiganja, maana taa zilimpiga usoni, akawa anatafuta safu baada ya safu.

"Nani huyo aliyecheka wa kwanza?"

"Ni mimi, Baba," nikasema, na nilikuwa bado nashindwa kunyamaza.