Soko la Pili

Tangu serikali iruhusu soko la pili la hisa, dalali na kaka yake hawakuwa wakiongea vizuri. Kaka mtu alikuwa fundi mkuu wa mitambo katika soko la zamani, lililotamba peke yake kwa miaka mingi. Dada mtu ndiye aliyekuwa dalali wa kwanza kujiandikisha kwenye soko jipya.

"Unawapa nguvu watu watakaomwaga unga wangu," kaka alimwambia wakila nyumbani kwa mama yao.

"Kaka, mtambo wenu ukizima wateja wangu wanabaki wanakodoa macho. Nifanyeje?"

Kaka alinawa mikono, akaondoka bila kuaga.

Siku soko jipya lilipofunguliwa, mteja wa kwanza wa dalali alikuwa nesi mstaafu, mama wa vicheko, aliyekuja kuuza hisa zake za kiwanda cha saruji apate kukodi nyumba ya kufungulia kliniki ya wajawazito. Mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka jioni amwonyeshe hati ya mauzo. Akichelewa, inachukuliwa na mwenye baa.

Dalali alipoingiza oda kwanza kwenye soko la zamani, lenye wanunuzi wengi, skrini yake iliganda, kisha ikawa nyeusi. Ofisi nzima ikaguna.

"Ndiyo basi tena?" nesi aliuliza, kicheko kimemkauka.

"Bado, mama yangu."

Akageukia skrini ya pili, ya soko jipya. Hakujua kama huko kungekuwa na mnunuzi hata mmoja. Akaweka bei. Kimya. Kisha mtu akachukua chache, mwingine akaongeza, mara zote zikaisha, tena kwa bei nzuri kuliko ya jana. Nesi alimkumbatia nusura amng'oe kitini.

Dalali alicheka, lakini moyo ulikuwa kwa kaka yake. Safari iliyopita mtambo ulipozima, wakubwa walimsimamia kichwani wakimfokea mpaka presha ikampanda, akalazwa. Dalali akampigia simu, haikupokelewa. Alivuka barabara mbio hadi soko la zamani, roho mkononi.

Alimkuta chumba cha mitambo, amepiga magoti, anafungua skrubu taratibu, kikombe cha chai pembeni. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kufoka.

"Kaka, uko salama?"

"Mbona unahema hivyo, mdogo wangu? Mkurugenzi kasema watu wanauziana kwa jirani, kwa hiyo nichukue nafasi nijue ugonjwa wenyewe ni nini. Nafasi! Mimi, ambaye sikuwahi kupewa hata ya kupiga chafya!" Akacheka. "Na mtambo mpya wanaagiza. Miaka yote niliwaomba wakaniona msumbufu. Leo wameona wateja wanahama, kiwewe kimewashika."

Dalali alijiachia sakafuni, akashusha pumzi ndefu, machozi na kicheko vikamtoka pamoja.

"Kama umemaliza kulia, nishikie tochi," kaka alisema. "Na usimulike upande wa kwenu. Mulika hapa."

Akaishika.