Laini kwa Jina la Madalena

Chamima alijiona mjanja. Baada ya uchaguzi aliipiga picha karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni pa shule, akaandika chini yake kwamba hesabu hizi si zile zilizosomwa redioni. Kabla ya kuituma kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa harusi, alijificha vizuri: akatoa picha yake akaweka ua waridi, akafuta jina lake akaandika Nuru. Nani angemjua? Picha ikatoka kwa akina mama wa harusi, ikazunguka Palma nzima, ikafika Namoto mpakani, ikarudi na matusi ambayo yeye hakuyaandika.

Kitu kimoja alikisahau. Vita vilipoingia Palma alikimbia na mtoto mgongoni, bilhete yake ikateketea pamoja na nyumba, na bila kitambulisho hicho hupati laini ya simu. Watu waliporudi, yeyote aliyeokoa bilhete yake aliwasajilia wenzake, kama mtu anavyoazimisha kinu. Laini ya Chamima ilisajiliwa kwa bilhete ya Madalena, jirani yake aliyeshuka kutoka Mueda, mfagiaji wa shule ileile. Ua waridi lilimficha Chamima, likamwacha Madalena uwanjani mchana kweupe.

Jumatatu Madalena akaja na karatasi ya wito. Ameitwa polisi mjini kwa habari ya simu, akasema, na hajui simu gani. Akaomba amwachie watoto wake. Chamima alijua palepale. Maneno yakamjaa kinywani, kisha akayameza. Alisema Mungu atasaidia, akawapokea watoto. Na Mungu amsaidie vipi mtu ikiwa mwenye kosa amefumba mdomo?

Madalena alirudi alasiri ya siku ya pili, miguu imevimba. Hakusimulia mengi. Wamemuuliza maswali, wameandika, na shule imemwambia apumzike kwanza nyumbani. Kila mtu pale anajua mapumziko ya namna hiyo huisha lini.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Chamima alichuma yeye, akala mwenzake peke yake. Alifuta picha kwenye simu, akajitoa kwenye kundi, akaichomoa laini na kuitupa chooni, na hakuna hata moja katika hayo lililompa usingizi. Basi akaanza wema. Jumatano alipeleka wali na samaki wa nazi. Alhamisi alimtwangia Madalena mahindi, akamfulia na shuka. Madalena alishukuru kila mara, akala. Kila shukrani ilimchoma Chamima kuliko tusi.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, alimkuta Madalena ukumbini anamenya muhogo. Akachukua kisu akaketi naye. Alimenya mmoja, akamenya wa pili, wa tatu ukamshinda.

"Mama Elisa, nisamehe. Ile karatasi niliituma mimi."

Madalena hakuacha kumenya. "Najua. Walinisomea namba. Namba yako mimi siijui?"

Chamima akauliza kwa nini basi hakumtaja.

"Una watoto. Na mimi nilidhani ukisikia nimeitwa utakuja mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi lao tangu asubuhi, kila mlango ukifunguka nasema, huyo dada Chamima. Jua likageuka. Nikawaambia laini ni yangu na simu niliipoteza."

Chamima alilia. Alisema kesho asubuhi na mapema atakwenda mjini, atataja jina lake, atawaambia Madalena hana kosa, na kazi yake atarudishiwa. Alisema kwa haraka, kama mtu anayeogopa ujasiri usimponyoke. Tayari alikuwa amesimama.

"Keti," Madalena akasema.

"Niache niende, dada."

"Ungekwenda Jumanne ungenisaidia. Nimekwisha kutia saini kwamba simu ni yangu. Ukienda kesho utawaambia nini, kwamba nimewadanganya?"

Chamima akaketi. Madalena akamsogezea muhogo uliobaki, akaingia ndani kuwasha moto.